Penseli haina risasi, na jiko lisilo na moshi bado linaua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu madini ya kinywe, yale ambayo Waingereza huyaita graphite, ilinifikia ikiwa imefungia maandazi manne. Msione vibaya. Huku kwetu Njombe gazeti la juzi lina kazi ya pili, na nadhani hiyo ya pili ndiyo inayolifikisha kwa watu wengi zaidi. Mjukuu wangu wa darasa la tano ndiye aliyefungua maandazi, akasoma mistari ambayo mafuta hayakuifuta, akatoa penseli mdomoni na kuniuliza kwa sauti ndogo, “Babu, mimi nitakufa?”

Mwandishi wenu alikuwa ameandika kwamba penseli hutengenezwa kwa “risasi ya kinywe”, na kwamba wazazi wawazuie watoto kuitafuna kwa sababu risasi huharibu ubongo. Mama wa mtoto alitoka jikoni na kikombe cha maziwa, akamnywesha chote, kisha akanigeukia mimi kama vile penseli hiyo nilimpa mimi. Ni kweli nilimpa mimi.

Nimefundisha kemia sekondari miaka 34, na sasa ninalima viazi. Nilimwacha mtoto na maziwa yake, nikaenda kwa kinyozi kuazima gazeti zima. Nimelisoma mara mbili. Makala ina makosa matatu: mawili ni ya kusahihishana tu, la tatu linaua watu. Nitaanza na yale mepesi, maana yote matatu yanatoka kwenye elementi ileile moja, kaboni, na asiyeijua tabia yake atayarudia yote.

Risasi, ile metali nzito na si ya bunduki, ni sumu kweli, hapo hatubishani. Lakini ndani ya penseli hakuna risasi hata chembe. Waingereza walipolikuta jiwe lile jeusi huko Borrowdale katika karne ya 16, walidhani ni aina ya risasi, wakalipa jina hilo, na jina likaganda kwenye lugha yao mpaka leo. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba ni kaboni. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na haipati tena jiwe la Borrowdale, Nicolas-Jacques Conté alisaga kinywe hafifu, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi na kukichoma, na hiyo ndiyo penseli anayotafuna mjukuu wangu: kinywe na udongo. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi. Sisi Waswahili hatukuwahi kukosea hapa. Tunalo neno letu, kinywe, halina risasi ndani yake. Kosa limeingia pale mwandishi wenu alipotafsiri Kiingereza neno kwa neno. (Rangi ya nje ya penseli za zamani ni habari nyingine, mtoto bado hana ruhusa ya kuitafuna.)

Kosa la pili ni ile sentensi kwamba almasi ni “mkaa uliokandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka”, na kwamba kinywe ni “almasi ambayo haijaiva”. Sentensi tamu, nakiri. Jirani yangu mwenye Fuso ameisoma pia, akaja kuniuliza kama jeki yake ya tani 20 inatosha.

Darasani jambo hili nilikuwa nalifundisha kwa viazi. Kila mwanafunzi alikuja na viazi mviringo vidogo na vijiti vilivyochongwa kwa mwanzi, vitu ambavyo Njombe havimtoi mtu jasho kuvipata. Kiazi ni atomu ya kaboni. Atomu hiyo ina elektroni 6. Mbili zimekaa ndani, hazina habari na mtu. Nne za nje ndizo mikono yake, na maisha yote ya kaboni ni kutafuta wa kushikana naye kwa mikono hiyo minne.

Kundi la kwanza nililiambia: kila kiazi kitoe vijiti vinne, kila kijiti kikae mbali na wenzake kadiri iwezekanavyo. Hapo kijiti kimoja kinaelekea juu na vitatu vinatanuka kama miguu ya kigoda, na pembe kati ya kijiti na kijiti inatoka nyuzi 109.5. Kila kiazi kinashika vinne, na kila kimoja cha hivyo vinne kinashika vingine, mpaka unapata mnara ambao ukiusukuma upande huu, vijiti vya upande ule vinakukatalia. Hiyo ni almasi. Hakuna mkono ulio wazi, hakuna elektroni inayozurura, ndiyo maana almasi haipitishi umeme na ndiyo maana hakuna jiwe la asili linaloikwaruza isipokuwa almasi nyingine.

Kundi la pili nililipa viazi vilevile lakini kila kiazi kishike vitatu tu, vyote vikiwa vimelala. Vinajipanga vyenyewe katika pembesita kama sega la nyuki. Ukimaliza sega moja unalilaza juu ya jingine bila kijiti chochote kati yao. Ndani ya sega, kaboni na kaboni zimeachana nanomita 0.142, karibu zaidi hata ya zile za almasi, ambazo ni 0.154. Lakini kutoka sega hadi sega ni nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili, na kinachozishika ni mvuto dhaifu tu. Nilimwita mwanafunzi mdogo kuliko wote, nikamwambia asukume la juu kwa kidole. Linateleza. Hicho ndicho kinywe. Unapoandika jina lako kwa penseli, unabandua masega na kuyaacha kwenye karatasi.

Siku zote palitokea mwanafunzi mmoja wa kuuliza, “Mwalimu, na mkono wa nne uko wapi?” Mwaka ambao hakutokea wa kuuliza nilijua nina darasa baya. Mkono wa nne haukukatwa. Elektroni yake imeachiwa, inatembea juu na chini ya sega lote kama mbuzi asiyefungwa kamba, na kwa sababu inatembea, kinywe kinapitisha umeme. Chonga penseli laini pande zote mbili, iunganishe kwa waya na betri mbili za tochi na kiglopu kidogo, utaona mwanga hafifu. Sisi tuliosoma miaka ya sabini tulikuwa tunavunja betri za redio zilizokufa, tunachukua kile kijiti cheusi cha katikati na kuchorea ukutani. Nacho ni kaboni, kimewekwa pale kwa kazi hiyohiyo ya kupitisha umeme. Ule unga mweusi unaokizunguka, ambao walimu wetu waliupaka kwenye ubao na majani ya maboga, ni kaboni iliyochanganywa na oksidi ya manganizi, na hiyo manganizi si kitu cha kuchezea kwa mikono mitupu, lakini nani alijua.

Viazi vyote viliishia kwenye sufuria la mlinzi.

Mdogo wangu alikwenda Mirerani katikati ya miaka ya tisini kuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa tanzanaiti. Tanzanaiti hakuipata, au aliipata na hakutuambia, hayo ni mambo yake na Mungu. Alichorudi nacho Krismasi ni kinywe, kwa sababu miamba inayobeba tanzanaiti imejaa kinywe. Kucha zilimeta kijivu, nyusi zilimeta, shuka la mama lilimeta mwezi mzima. Alisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawa nyekundu, kijivu kikabaki kwenye mikunjo. Akaniambia shimoni ngazi zinateleza hata zikiwa kavu, na wanaume wazima wanaanguka kwa sababu ya vumbi tu. Yeye hakumaliza darasa la saba, lakini masega yanayoteleza aliyajua kwa magoti yake kabla sijamchorea.

Sasa dunia inakitafuta kinywe cha Mahenge na Ruangwa kwa sababu ya nafasi ileile kati ya sega na sega. Unapochaji simu, chembe za lithiamu zinaingia humo na kulala, moja kwa kila kaboni sita betri ikijaa. Unapoitumia simu zinatoka. Hapo makala yenu ilikuwa sahihi, na aya hiyo ni nzuri. Kukiita “almasi ambayo haijaiva” ndiko kunakoniudhi. Kwa hali ya joto na mgandamizo tunamoishi, kinywe ndicho kilichotulia. Almasi ndiyo iliyo mahali pasipo pake, na ingekuwa kinywe kama vifungo vyake visingekuwa vigumu kiasi cha kuizuia isigeuke. Wenye pete wasiwe na wasiwasi, haitageuka wakiwa hai, wala wajukuu wao.

Na mkaa? Almasi iliumbika kilomita 150 hivi chini na zaidi, ikapandishwa juu na volkano za zamani kwenye mwamba unaoitwa kimbaliti. Mwadui, kule Shinyanga, ni shina la volkano ya namna hiyo. John Williamson aliligundua mwaka 1940. Almasi nyingi zina umri unaozidi miaka bilioni moja, na mimea ya nchi kavu haijafikisha hata nusu ya umri huo. Mkaa utatoka wapi mti ukiwa haujakuwapo? Ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo ni gramu 10.9, haifiki vijiko vitatu vya chai vya sukari. Kaboni hiyo haikupita tanurini kwa mtu.

Kilicho kweli ni kwamba kaboni ni moja. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi na mkaa vya uzito sawa, akapata hewa ukaa kiasi kilekile. Tofauti yote iko kwenye kushikana. Jirani wa Fuso nilimjibu hivi: mwaka 1954 Wamarekani walifanikiwa kutengeneza almasi kwa mashine, na kazi hiyo inataka mgandamizo wa angahewa elfu hamsini hivi, moto wa zaidi ya nyuzi 1,300, na chuma kilichoyeyuka cha kuyeyushia kaboni. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama jeki mbili je.

Sasa nije kwenye lile linaloua.

Mwishoni mwa makala mwandishi ameweka kisanduku cha “Je, wajua?”, na ndani yake kuna maneno haya: mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi hauna tena sumu, na unaweza kuingizwa ndani kupasha chumba joto. Mhariri, gazeti hilo ninalo mkononi. Leo ni Mei. Wiki tatu zijazo nyasi za hapa zitaamka asubuhi zimeganda nyeupe, na kila nyumba yenye jiko itakuwa inafikiria kuliingiza ndani.

Moshi wa kuni ni vitu vya mti ambavyo havijaungua: lami, mvuke, matone ya mafuta. Tanuri la mkaa limeshaviondoa vyote siku nyingi kabla gunia halijafika kwako. Kilichobaki karibu chote ni kaboni, vipande vya masega vilivyovurugika ovyo, havijapangika kama kinywe. Ndiyo maana mkaa mzuri hauna moshi. Lakini sumu haikuwa kwenye moshi peke yake.

Kaboni ikiungua penye hewa ya kutosha, kila atomu inashika oksijeni mbili na kuwa hewa ukaa. Lakini hewa ukaa hiyo inapopanda katikati ya makaa mekundu inakutana na kaboni nyingine yenye njaa. Inainyang’anya oksijeni moja, na badala ya molekuli moja ya hewa ukaa zinatoka molekuli mbili za kabonimonoksaidi: kaboni moja, oksijeni moja. Umeshaona mwali wa buluu unaocheza juu ya jiko lililokolea vizuri? Ni gesi hiyo inayoungua. Ile isiyopata moto wala hewa ya kutosha hapo juu inaingia chumbani. Haina rangi wala harufu, na haikoholeshi.

Ndani ya gesi hiyo kaboni na oksijeni zimeshikana kwa vifungo vitatu, kushikana kwa nguvu sana. Lakini kaboni inabaki na jozi moja ya elektroni upande wa nyuma, na jozi hiyo inapenda chuma. Kwenye damu kuna chuma, ndani ya himoglobini, pale pale oksijeni inapokaa ikisafirishwa kutoka mapafuni. Kabonimonoksaidi inakishika chuma hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anahema vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, na damu imejaa abiria asiyeshuka.

Julai 1988 nilikuwa mwalimu kijana katika nyumba ya walimu ya vyumba viwili. Mke wangu alikuwa na siku 11 tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza. Mama mkwe alikuja kumwangalia mzazi, akalala naye chumbani, mimi nikahamia sebuleni kwenye mkeka kama inavyopasa. Usiku ule baridi ilikuwa kali, mtoto analia. Nilitoka nje na jiko la bati, nikaliwasha kwa mkaa wa miwati, nikalipepea kwa mfuniko nusu saa nzima mpaka moshi ukaisha kabisa na makaa yakawa mekundu safi. Nilijivunia. Nikalipeleka hadi mlangoni, mama mkwe akalipokea, akaweka bakuli la maji kando yake kwa kuwa alifundishwa hivyo na mama yake, akafunga mlango na kuziba uwazi wa chini kwa khanga.

Siku tatu kabla, Mhariri, nilikuwa nimeandika mlinganyo huo huo ubaoni, kidato cha tatu. Nimeuandika, nimeusawazisha, nimewapa zoezi.

Kiasi cha saa tisa usiku nilisikia kishindo. Mama mkwe alikuwa ameamka kwenda nje kujisaidia, miguu ikamkatalia, akaangukia mlango kwa uzito wake wote na komeo likang’oka. Baridi ya sebuleni ikaingia chumbani. Mke wangu alikuwa macho lakini hawezi kuinua kichwa, anasema kinapasuka, anatapika. Mtoto alikuwa kimya. Nilimbeba nje, nikasimama naye kwenye nyasi zilizoganda nikiwa miguu mitupu, nimemweka usoni kwangu ili nisikie pumzi. Sijui nilisimama muda gani. Alipolia, majirani wawili walitoka. Mmoja akasema ni malaria ya mzazi, mwingine akamtaja mtu. Mimi nililitoa lile jiko nje, bado linawaka, jekundu, halina moshi hata kidogo.

Bakuli la maji lilikuwa pale pale. Maji hayawezi kuinasa gesi hiyo, haiyeyuki humo kiasi cha kumsaidia mtu. Hata baada ya kutoka nje, damu inahitaji saa nne hadi tano za hewa ya kawaida ili kuondoa nusu tu ya sumu hiyo, ndiyo maana mgonjwa anapelekwa hospitali kupewa oksijeni hata kama ameanza kuzungumza. Sisi tulifika asubuhi kwa trekta la shule. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliishi miaka mingine 19, na hakuwahi kunilaumu. Alisema tu kwamba mkwe wake ni msomi. Nilikuwa naisikia ile “msomi”.

Mtoto yule ndiye mama wa huyu mjukuu mla penseli. Ndiye aliyekuja mbio na kikombe cha maziwa.

Kwa hiyo sikuandika kumdhalilisha mwandishi wenu. Alichoandika kwenye kile kisanduku ndicho nilichokiamini mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikiwa na cheti cha kemia kabatini. La risasi mnaweza kulisahihisha mkipata nafasi. La almasi, hata msiposahihisha, atakayeumia ni jeki ya jirani. Lakini hili la jiko naomba lisahihishwe kabla ya Juni kuanza, kwa maneno mafupi: jiko la mkaa, liwe na moshi au lisiwe na moshi, lisiingizwe katika chumba cha kulala, na kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja kwa watu wawili au watatu wa nyumba moja usiku wa baridi, watolewe nje kwanza, mengine yafuate.

Naomba pia sahihisho liwe kwenye kurasa za kati, si kule nyuma karibu na michezo. Nimemuuliza mama wa maandazi. Anasema kurasa za michezo hazitumii, picha zake zinaachia wino.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Njombe